Mkono Mtupu Usimzuie Mtu Kula Krismasi Kwao

Kila mwaka, ifikapo katikati ya mwezi wa Desemba, mji wa Kampala huanza kuhama. Vituo vya mabasi na viwanja vya teksi hujaa watu tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Huyu amejitwika godoro, yule ana katoni ya sukari na sabuni, mwingine mkono mmoja ameshika mtoto na mkono wa pili ameshika redio ya kumpelekea baba yake. Magari huondoka yakielekea Masaka, Mbarara na Kabale. Mengine Jinja, Mbale na Soroti. Mengine hushika njia ya kaskazini kwenda Lira, Gulu na Arua. Ikifika tarehe 24 jioni, mitaa ambayo kwa mwaka mzima haipitiki huwa mitupu, na mtu aweza kuvuka barabara bila kutazama nyuma mara mbili.

Safari hii ni jambo jema, nasi twaiheshimu. Injili ya Luka yatueleza kwamba hata Yusufu na Mariamu walikuwa safarini kwenda katika mji wa jadi yao siku zile Mwokozi alipozaliwa. Wao walikwenda kwa amri ya Kaisari Augusto, aliyetaka watu wahesabiwe. Wananchi wetu hawaendi kwa amri ya mtu ye yote. Huitwa na mapenzi ya wazazi, na makaburi ya mababu, na harufu ya moshi wa jiko walilokulia.

Jina lenyewe la siku hii lina mafunzo. Waganda huiita Ssekukkulu, na ndugu zetu wa Ankole na Kigezi huiita Sekukuru. Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kamusi ili kutambua kwamba neno hilo ni letu la Kiswahili, sikukuu, lililovishwa vazi la kienyeji. Wamisionari wa Kianglikana walipofika Buganda mwaka 1877, na Mapadre Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879, walikuta Kiswahili kimekwisha kutangulia katika jumba la Kabaka Mutesa kwa njia ya wafanya biashara wa pwani, na mafundisho mengi ya mwanzo ya Injili yalitolewa kwa lugha hiyo. Kwa hiyo tangu mwanzo tuliambiwa kwamba hii ni siku kuu, yaani siku iliyo kubwa kuliko nyingine. Hatukuambiwa kwamba ni siku ya gharama kuu. Hayo ya pili tumejiongezea wenyewe.

Ni dhahiri kwamba katika miaka hii sikukuu imegeuzwa kuwa mashindano. Atokaye mjini hutazamwa mkononi kabla ya kutazamwa usoni. Kijiji kizima hujua nani amekuja na gari na nani amekuja kwa boda boda. Nani amechinja ng'ombe na nani amenunua kilo mbili. Watoto wa nani wana viatu vipya na wa nani wamevaa vile vile vya kanisani vya mwaka jana. Mtu mwenye mshahara mdogo hukopa ili asichekwe, kisha hurudi mjini akiwa na deni linalompokea mlangoni. Mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari shule hufunguliwa, na karo haimwulizi mtu alikulaje Krismasi. Ndipo kiwanja kinapouzwa kwa bei ya hasara, au mtoto anapokaa nyumbani majuma mawili ya kwanza huku wenzake wakisoma.

Lakini madhara ya deni, ingawa ni makubwa, siyo yanayotusikitisha zaidi. Kuna dhara lingine ambalo halionekani kwa sababu mwenye kudhurika hayupo. Huyo ni yule kijana ambaye haendi kabisa. Mwaka wa kwanza alikosa kazi, akasema moyoni kwamba atakwenda mwaka ujao akiwa na kitu. Mwaka wa pili alipata kibarua, lakini hakikutosha nauli pamoja na zawadi. Mwaka wa tatu aliona haya kwa kuwa hakwenda miaka miwili iliyotangulia, na sasa haya hizo zilihitaji zawadi kubwa zaidi ili kuzifunika. Hivyo miaka huongezeka, na deni la aibu huzaa riba kuliko deni la fedha. Mama hukaa kibarazani akitazama njia, na kila pikipiki ikipunguza mwendo huinua macho. Siku moja kijana hupigiwa simu ya msiba, akaenda. Na nauli ambayo kwa miaka mingi haikupatikana, siku hiyo hupatikana kwa michango ya saa mbili.

Ndugu msomaji, twaomba ulitafakari jambo hilo la mwisho. Kama nauli ya mazishi hupatikana kwa saa mbili, basi kilichomzuia kijana huyu miaka yote hakikuwa nauli. Kilikuwa ile methali tuipendayo isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo ina kweli yake sokoni na katika mambo ya siasa, lakini haikupata kutungwa kwa ajili ya mlango wa mzazi. Mzazi halambi mkono wa mwanawe. Huushika tu, ili ajue kama mwana huyo angali mzima.

Sisi tuvaao sare tunayo sababu ya pekee ya kulisema jambo hili. Watu wengi hawajui kwamba Krismasi huonekana vizuri zaidi na mtu aliye mbali nayo. Tangu mwezi wa Machi 2007, vikosi vya kwanza vya Uganda vilipoingia Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, askari wetu wamekula Krismasi nyingi huko Mogadishu, nyuma ya mifuko ya mchanga. Ukimwuliza askari wa namna hiyo alitamani nini usiku ule, hatakutajia ng'ombe wala soda wala nguo mpya. Atakuambia alitamani kusikia sauti ya watoto wake wakigombana uani. Mshahara anao, na pengine ameutuma wote nyumbani. Asichonacho ni kule kuwapo, na hicho hakitumwi kwa simu.

Wako pia wasiorudi. Tarehe 26 Mei 2023 askari wetu 54 waliuawa katika kambi ya Buulo Mareer nchini humo. Desemba ile ilipofika, katika nyumba zao palikuwa na chakula, maana majirani na wenzao hawakuwasahau. Lakini twajua sote kwamba katika nyumba hizo hakuna aliyeuliza amekuja na nini. Wangefurahi kumpokea akiwa peku, bila hata mfuko. Yampasa kila mtu ambaye mwanawe yu hai, lakini haji kwa kuona haya, auweke moyo wake karibu na mioyo ya wazazi hao, kisha ampigie mwanawe simu na kumwambia neno moja tu: njoo.

Kadhalika tukumbuke historia ya nchi yetu. Katika Acholi, na sehemu kubwa za Lango na Teso, kulikuwa na miaka ambayo watu zaidi ya milioni moja waliishi kambini kwa sababu ya vita vya Joseph Kony. Watoto wa vijiji vilivyouzunguka mji wa Gulu walitembea kila jioni kwenda kulala barazani na katika viwanja vya hospitali na makanisa, wasije wakachukuliwa usiku. Krismasi ya siku zile haikuwa na mashindano ya viatu. Ilikuwa ni kuhesabu watoto asubuhi na kuona wametimia. Mapatano ya kusimamisha mapigano yalipotiwa sahihi huko Juba mwezi wa Agosti 2006, na watu wakaanza kurudi katika mashamba yao, wengi walikula sikukuu za kwanza chini ya paa la nyasi mbichi, kwa mtama na majani ya malakwang yaliyoungwa kwa odii. Na hadi leo wazee huzisimulia kwamba zilikuwa sikukuu nzuri kuliko zote. Je, walikuwa na nini ambacho sisi hatuna? Walikuwa na nyumba, na waliokuwamo ndani yake.

Tena si zamani sana ambapo nchi nzima ilipewa somo hilo hilo. Krismasi ya mwaka 2020 na ile ya mwaka 2021 zilituikuta chini ya amri ya kutotembea usiku kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Makanisa yaliwekewa kikomo cha idadi ya waumini, na watu wengi walisali ibada ya Krismasi wakiwa wamezunguka redio sebuleni. Baba aliyezoea kutoka asubuhi na kurudi usiku akiwa amelewa alilazimika kukaa na watoto wake mchana kutwa, na wako waliogundua siku hiyo kwamba mtoto wao wa tatu anajua kuimba. Hatusemi kwamba ugonjwa ulikuwa neema, maana ulituulia watu. Twasema tu kwamba sikukuu ilipovuliwa mapambo yake yote, haikufa.

Tunajua kwamba wako watakaotupinga. Watasema kwamba maskini hufanya kazi mwaka mzima bila kustarehe, kwa hiyo asinyimwe siku yake moja ya kushiba. Na kwamba mwenye duka, mwenye kuku na mwenye basi hutegemea Desemba ili kuishi. Hoja hizo ni za haki, wala hatukusudii kumnyang'anya mtu sahani yake. Kuchinja, kualika jirani na kuwavisha watoto ni mila njema, na Kristo mwenyewe alikwenda harusini Kana. Tunachokataa ni kukifanya chakula kuwa hati ya kusafiria, hata asiye nacho afungiwe mlango wa kwao. Karamu iwe matunda ya kukutana. Isiwe kodi inayotozwa kabla ya kukutana.

Kwa kuwa lawama bila shauri haijengi, tungependa kutoa mashauri machache, kwa jinsi tulivyofunzwa. Katika shule ya makadeti, jambo mojawapo la mwanzo ambalo mwanafunzi hufundishwa ni kwamba kikosi hakiendi mahali kwa hesabu ya siku moja. Kila siku ya safari huhesabiwa chakula chake na maji yake, na kabla ya yote hutengwa akiba ya kurudia. Kamanda atumiaye kila kitu ili kufika, kisha asiwe na cha kurudia, hakuongoza kikosi, amekipoteza. Nyumba nayo ni kikosi kidogo.

Kwanza kabisa, mtu atenge nauli ya kurudi na karo za muhula wa kwanza kabla hajanunua hata pipi. Fedha hizo zisihesabiwe kuwa ni zake. Kitakachobaki ndicho cha sikukuu, kiwe kingi au kichache, na mke na watoto wakubwa waambiwe mapema ni kiasi gani ili wasitarajie kisichokuwapo. Mtoto aliyeambiwa ukweli mwezi wa Novemba halii tarehe 25.

Pili, tufuate mfano wa wale wanavijiji ambao huungana na kuweka akiba kidogo kidogo kila juma tangu mwanzo wa mwaka, kisha Desemba wakanunua ng'ombe mmoja na kugawana nyama kwa haki. Haba na haba hujaza kibaba. Katika chama cha namna hiyo mjane hupata fungu lake sawa na mwenye duka, kwa kuwa alilipia. Hakuna anayepewa kwa kuhurumiwa. Atokaye mjini angefanya vyema kuingia katika chama cha kijijini kwao na kutuma senti zake kila mwezi, badala ya kutokea siku ya mwisho na kununua nyama kwa bei ya kukata shingo.

Tatu, tupike vya kwetu. Buganda wana luwombo, kuku au nyama iliyofungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, na hakuna hoteli iwezayo kuiga harufu yake. Ankole wana eshabwe, na Bugisu wana malewa ya vikonyo vya mianzi. Vitu hivi hutoka shambani au kwa jirani. Vivyo hivyo kwa mapambo. Tumeona nyumba zilizobandikwa pamba kwenye madirisha ili zionekane kama zina theluji, ilhali nje jua la Desemba linapasua udongo. Theluji yetu iko juu ya vilele vya Rwenzori, na inatutosha huko huko iliko.

Nne, tusafiri mapema na mchana. Katika siku tatu za mwisho nauli huweza kufika maradufu, na madereva hufanya safari ya pili na ya tatu bila kulala. Abiria akiona dereva anasinzia, ana haki ya kusema, wala asinyamaze kwa kuogopa kuitwa msumbufu. Askari yeyote atakuambia kwamba mtu aliyekesha siku mbili haaminiwi kushika bunduki. Kwa nini basi aaminiwe kushika usukani wenye roho sitini nyuma yake?

Tano, kuna mambo ya ardhi na urithi. Kwa kuwa Krismasi ndiyo siku pekee ukoo wote huwa mahali pamoja, wengi huona ndiyo nafasi ya kufungua kesi ya mpaka wa shamba au ng'ombe wa mahari. Mambo hayo hufunguliwa jioni, wakati malwa na waragi vimekwisha kupita, na karamu huishia kituo cha polisi. Twashauri kwamba wazee wapange baraza la ukoo tarehe 27 asubuhi, watu wakiwa na akili zao, na kwamba tarehe 25 iwe marufuku kutaja mpaka wa shamba. Jambo lililongoja mwaka mzima laweza kungoja siku mbili.

Sasa tuligeukie kanisa, kwa maana bila hilo siku hii haina maana. Wako wengi ambao huingia kanisani mara moja tu kwa mwaka, na siku hiyo ni Krismasi. Tusiwacheke, huenda huo ndio uzi wa mwisho unaowashikilia. Lakini twawaomba viongozi wetu wa dini, kwa heshima yote, wautunze uzi huo. Isiwe kwamba mtu aliyekaa mbali miezi kumi na miwili anaingia, na sauti ya kwanza aisikiayo ni mnada wa kuku na majina ya waliotoa laki moja yakisomwa, huku asiye nacho akitafuta mlango wa nyuma. Habari ya kuzaliwa kwa Kristo haikuletwa kwanza kwa wenye kutoa laki. Ililetwa kwa wachungaji waliokuwa lindoni usiku, watu wa zamu, nao walikwenda mbio walivyo, na Luka hataji kwamba walibeba kitu. Mamajusi wenye dhahabu walifika baadaye. Wote wawili walipokelewa.

Na kwa wenzetu wa vikosi vyote, pamoja na polisi, magereza, wauguzi na walinzi wa usiku, twakumbusha kwamba Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, aliwaagiza wasimdhulumu mtu kwa mabavu na watosheke na mishahara yao. Agizo hilo lina uzito zaidi mwezi wa Desemba kuliko mwezi mwingine wo wote. Askari asimgeuze msafiri kuwa Krismasi yake. Na familia ya askari ambaye zamu imemwangukia tarehe 25 isihesabu kwamba imenyimwa sikukuu. Yafaa waichague siku nyingine, hata ikiwa tarehe 10 Januari, wakapika na kusali na kukaa pamoja. Nayo itakuwa siku kuu kwao.

Kwa hiyo, ewe mzazi uliye kijijini, usingoje. Mwambie mwanao leo kwamba anatakiwa yeye, na kwamba kuku yuko tayari bandani. Nawe kijana uliye mjini ambaye hujafika kwenu miaka mitatu, minne au kumi, hesabu nauli ya kwenda na ya kurudi, basi. Ukiulizwa njiani umebeba nini, jibu kwamba umekwenda kuwasalimu wazee. Ukifika, chukua jembe au panga, ukarekebishe paa la jiko la mama yako linalovuja; kazi ya mikono yako kwa siku mbili itakumbukwa kuliko mikate kumi. Asubuhi ya sikukuu mshike mkono, mwende naye kanisani polepole kwa mwendo wake, mkae benchi moja.

Twawatakia wasomaji wetu wote, walio nyumbani na walio zamuni, Krismasi ya amani.